Darasa la Redio Saa ya Futari

Nani aliyesema mwezi wa mfungo ni mwezi wa kupumzika? Bila shaka mtu huyo hakuwahi kuwa msichana wa mtaa wa Biryogo saa tisa alasiri, makaa yamelowa mvua na maharage hayajachambuliwa.

Umuhoza alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa amechoka. Uchovu wake ulianza alfajiri alipoamka na mama yake kupika daku. Ukaendelea bombani alipopanga foleni na madumu kabla ya kwenda shule, ukamfuata darasani, kisha ukarudi naye nyumbani. Sasa alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, ungo mapajani, akitoa vijiwe kwenye maharage. Kila alipoinamisha kichwa, macho yalijifumba yenyewe.

"Umuhoza! Unalala?" mama yake, Mukagasana, aliita kutoka ndani.

"Oya, Mama, silali. Ninachambua."

"Chambua haraka basi. Ndizi hazijamenywa, na uji nao haujakorogwa."

Mama hakuwa mkali. Naye alikuwa hoi. Mumewe, Usumani, alikuwa fundi cherehani, na Idi ilikuwa inakaribia. Kila mtu mtaani alitaka kanzu mpya, na kama ilivyo kawaida ya watu wetu, wote walileta vitambaa siku za mwisho. Tangu asubuhi cherehani ilikuwa ikinguruma barazani, na Mama alikuwa akishona vifungo na kupiga pasi bila kuinua kichwa. Kwa hiyo futari ya nyumba nzima ilimwangukia Umuhoza, akisaidiwa na mdogo wake Kaze. Kaze alikuwa na miaka saba, na msaada wake ulikuwa maswali zaidi kuliko kazi.

Kaka yao Habumugisha, ambaye wote walimwita Habu, alitoka chumbani akijinyoosha. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alinawa uso, akavaa kandambili, akapita karibu na ungo wa Umuhoza bila kuutazama.

"Ninakwenda," alisema.

"Haya," alijibu Mama.

Imekwisha! Neno moja tu, na mlango wa ua ukafungwa nyuma yake. Umuhoza alijua anakokwenda, kwa sababu na yeye alipaswa kuwa huko.

Miezi miwili kabla ya hapo, wazee wa mtaa walikuwa wameanzisha mafunzo ya kutengeneza redio katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa. Tangu vita vianze kaskazini mwa nchi, kila nyumba ilitaka redio yake isikike, na redio mbovu zilikuwa nyingi kuliko mafundi. Mwalimu wao aliitwa Eustache. Alikuwa fundi wa mitambo kule uwanja wa ndege wa Kanombe, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Tena kulikuwa na ahadi. Mzee Kamanzi, mwenye duka la kutengeneza redio mjini, angekuja baada ya Idi kuchagua vijana wawili wa kufundishwa kazi dukani kwake kila likizo. Hapakuwa na msichana hata mmoja katika duka lile. Umuhoza alikuwa amesimama dirishani pake mara nyingi, akiwatazama mafundi wakifungua redio na kuziunga tena. Alitaka kukaa kwenye meza ile kuliko alivyotaka gauni jipya la Idi.

Mwanzoni mafunzo yalifanyika Jumamosi asubuhi, na wasichana walikuwa wanne. Mmoja wao alikuwa Mutoni, jirani na rafiki wa Umuhoza. Ramadhani ilipoingia, wazee wakafanya kikao. Kila alasiri walikuwa wakipita barabarani na kuwaona vijana wamejilaza kwenye mikeka barazani, wakisubiri azana ya Magharibi. Wakasema, "Hawa hawana kazi yoyote saa hizi. Tuhamishie mafunzo alasiri, kila siku, ili yamalizike kabla ya Idi." Mwalimu Eustache akakubali, maana ndiyo saa aliyofika kwa basi kutoka kazini. Lakini waliolala barazani walikuwa wavulana. Hakuna mzee hata mmoja aliyezunguka nyuma ya nyumba kutazama wasichana wako wapi saa ya kupika futari.

Mutoni aliacha siku chache tu baadaye. Wale wengine wawili wakafuata. Akabaki Umuhoza peke yake, naye alikuwa akifika amechelewa, ananuka moshi, akikuta vyuma vya kulehemu vyote vimeshikwa. Kazi yake ikawa kushika tochi ili wengine waone. Isitoshe, kulikuwa na kanuni: mwanafunzi akikosa mara tatu, kiti chake anapewa mwingine. Na dirishani hawakukosekana wavulana wa kungojea kiti. Umuhoza alikuwa amekwisha kukosa mara mbili.

Leo ilikuwa siku ambayo kila mwanafunzi angepewa redio mbovu aitengeneze peke yake.

Aliweka ungo chini, akasimama mlangoni. "Mama, leo naomba niende kwa Mwalimu Eustache."

Mukagasana alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja. "Na futari?"

"Nitarudi kabla ya azana."

"Ukirudi utakula nini? Hewa? Umuhoza, tafadhali, usinichoshe. Redio hazikimbii. Utakwenda kesho."

Kesho! Jana pia aliambiwa kesho. Umuhoza alirudi kwenye kigoda chake, machozi yanamlenga. Alifikiria kiti chake, akafikiria yule atakayekikalia. Kisha, kabla hajajizuia, maneno yakamtoka.

"Mama, nimesahau kukuambia. Ustadhi ametuita wasichana madrasa. Tunafanya mazoezi ya kaswida ya Idi."

Katika mwezi kama ule, ni mzazi gani angemzuia mtoto kwenda madrasa?

"Mbona hukusema mapema?"

"Nilisahau, Mama."

"Haya, nenda. Teleka maharage kwanza. Kaze atayatazama, na mimi nitakuwa nikitoka mara kwa mara." Akavuta pumzi ndefu na kurudi kwenye vifungo vyake.

Umuhoza aliteleka sufuria huku uso unamwaka moto. Hakuwahi kumdanganya mama yake jambo kubwa kama hilo. Akamvuta Kaze pembeni.

"Usiguse sufuria, umesikia? Ukiona maji yamepungua, mwite Mama."

"Kama hasikii? Cherehani ya Baba inapiga kelele."

"Mwite tena!" alisema Umuhoza, na hapo hapo akatoka mbio.

Alipofika ukumbini, mwalimu alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope. Basi lao lilikuwa limesimamishwa kwenye kizuizi cha askari njiani, pale Sonatubes, na kila abiria alitakiwa kushuka mvuani kuonyesha kitambulisho. Alifuta miwani yake kwa ncha ya shati, akamwona Umuhoza.

"Ah, umekuja. Nilidhani na wewe umetuacha kama wenzako." Alitikisa kichwa kwa huzuni, wala hakuwa na nia mbaya. "Sijui kwa nini, lakini ndivyo ilivyo kila ninapofundisha. Wasichana huanza vizuri sana, halafu wanachoshwa na redio."

"Wanaogopa umeme, Mwalimu!" mvulana mmoja alidakia, na wenzake wakaangua kicheko. Habu naye, aliyekuwa ameketi benchi la nyuma, akacheka kidogo.

Umuhoza alifungua mdomo ili ajibu. Alikuwa na la kusema, tena lilikuwa limemkaa kooni kwa siku nyingi. Lakini angelisema vipi? Akisema kwamba saa hizi wasichana wanapika futari, wangemuuliza: wewe je, nani anakupikia? Na Habu angesikia, na habari ingefika nyumbani. Uongo aliomwambia mama yake ulikuwa umemfunga mdomo hata kwa watu wengine. Akachukua redio aliyopewa.

Ilikuwa redio ndogo ya betri, imepasuka pembeni, kimya kabisa. Aliifungua kama walivyofundishwa, akazikagua waya polepole. Mara mbili alihisi kichwa kinazunguka kwa njaa, akasubiri kitulie. Mwishowe akaona: waya mmoja wa spika ulikuwa umeachia. Akashika chuma cha kulehemu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mara ya kwanza risasi ya kulehemia ilidondoka donge zima, mbaya kutazama. Akaikwangua, akajaribu tena. Safari hii ilishika vizuri.

Alizungusha kitufe. Redio ikakoroma, ikapiga mluzi, kisha sauti ya mtangazaji ikajaa chumba kizima.

"Voilà!" Mwalimu Eustache alipiga makofi. "Mnasikia? Ya kwanza kusema leo ni ya Umuhoza!"

Wavulana wakageuka. Yule aliyesema habari za kuogopa umeme alikuwa bado anahangaika na skrubu. Umuhoza alicheka mpaka akasahau njaa, akasahau na usingizi. Kwa muda ule mfupi alikuwa fundi.

Hapo ndipo Mutoni alipotokea mlangoni, anahema, mikono imejaa unga.

"Umuhoza! Njoo nyumbani. Kaze ameungua!"

"Ameungua vipi?"

"Sufuria imemmwagikia. Mama yako amemtuma mtu madrasa kukutafuta, wanasema hapana mazoezi yoyote. Mimi ndiye niliyekuona ukiingia hapa."

Umuhoza hakujua jinsi alivyofika nyumbani. Alikumbuka tu tope, na Habu akikimbia nyuma yake. Uani alimkuta Kaze mapajani mwa mama yake Mutoni, mkono wake umezamishwa ndani ya beseni la maji baridi, analia kwa sauti iliyokwisha kukauka. Sufuria ilikuwa imepinduka. Maharage yote yalikuwa kwenye tope.

"Usiutoe mkono, mwanangu, uache upoe," mama Mutoni alikuwa akisema. "Wala msimpake kitu chochote. Si mafuta, si dawa ya meno. Maji tu."

Mukagasana alikuwa amesimama kando, kanga imemwanguka begani. Alimtazama Umuhoza mara moja tu, kisha akaangalia pembeni. Laiti angemgombeza!

Azana ikalia. Walifuturu kwa maji na tende chache alizoacha mteja mmoja, na ndizi mbili zilizokwisha kuiva. Kaze alikuwa amelala juu ya mkeka, kitambaa safi kilicholowa maji juu ya mkono wake. Ngozi ilikuwa nyekundu kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko.

Usumani alinawa mikono, akauliza bila kupandisha sauti, "Umuhoza. Kaswida imekwendaje?"

Swali lile la upole lilimchoma kuliko kofi. "Sikwenda madrasa, Baba. Nilidanganya. Nilikwenda darasa la redio."

"Katika mwezi huu? Tena ukatumia jina la madrasa?"

"Nisamehe, Baba."

"Kuomba msamaha, umuombe mdogo wako na mama yako. Na darasa hilo, kuanzia leo, basi."

Umuhoza alilia. Alimlilia Kaze, na ajabu ya moyo wa mtu, alikililia na kiti chake pia, huku akijiona mbaya kwa kukililia.

"Lakini kwa nini?" Baba aliuliza tena, kwa sauti ya mtu asiyeelewa. "Nimekunyima nini? Mimi mwenyewe ndiye niliyekuandikisha, wewe na kaka yako. Kwa nini hukusema kweli?"

"Nilianza kwa kusema kweli, Baba. Niliomba ruhusa. Mama akasema kesho." Alifuta uso kwa kiganja. "Habu alisema 'ninakwenda', akaenda. Tulikuwa naye darasa moja. Yeye hakuhitaji kudanganya. Hakuna aliyemuuliza futari itapikwa na nani."

Habu alianza kutazama kucha zake.

"Habu ni mvulana..." Usumani alianza, kisha akasita.

"Malizia, Baba Habu," Mukagasana alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka hadi kwenye mifupa. "Ni mvulana, kwa hiyo? Malizia, na sisi tusikie. Maana mimi ndiye niliyemjibu 'haya' leo, nikamwambia binti yangu 'kesho', na nimekaa hapa nikijiuliza kwa nini."

Usumani alisugua macho yake, yaliyokuwa mekundu kwa kushona mchana kutwa. Pale kwenye mkeka Kaze akafumbua macho.

"Mimi nilimwita Mama," alisema taratibu. "Nilimwita sana. Maji yalikuwa yamekauka. Nikataka kuongeza."

Mukagasana alifunika uso kwa kanga. Hakuna aliyekula tena.

Asubuhi yake Mama na Umuhoza walimpeleka Kaze zahanati. Muuguzi alimfunga mkono, akasema kovu litakuwa dogo, kwa sababu uliwekwa ndani ya maji mapema na haukupakwa kitu. Umuhoza alimbeba mgongoni wakati wa kurudi, njia nzima, na kila walipopumzika alimwomba msamaha, mpaka Kaze mwenyewe akachoka kusamehe.

Alasiri ilipofika, Usumani alifanya jambo ambalo hakuna mteja wake angelipenda. Aliinuka kwenye cherehani, akaacha mkono wa kanzu umeshonwa nusu, akaita, "Umuhoza, vaa viatu. Twende."

"Wapi, Baba?"

"Kwa mwalimu wako. Yale uliyotuambia jana, ukamwambie na yeye."

"Na futari?"

Usumani aligeuka. "Habu yuko uani."

Ndiyo, Habu alikuwa uani, ungo mapajani, amenuna, na vijana wawili wa jirani wakimchungulia juu ya ukuta. "Habu, bibi harusi, leo unatupikia nini?" mmoja aliuliza. Habu aliwarushia kijiwe cha maharage.

Mwalimu Eustache alipowaona ukumbini aliinuka haraka kuomba radhi, akidhani wamekuja kumlaumu kwa ajili ya Kaze. Usumani alimzuia kwa mkono. "Kosa la jana ni letu. Ila binti yangu ana neno. Sema, Umuhoza."

Wavulana wote walikuwa wakimtazama. Umuhoza alijikaza.

"Kwanza, jana nilikuja hapa kwa kudanganya. Samahani, Mwalimu. Na pili, hatukuchoshwa na redio. Wala hatuogopi umeme. Saa hii ndiyo saa ya kupika futari. Mutoni yuko jikoni sasa hivi, na wale wengine pia. Wakati wa Jumamosi tulikuwa tunakuja wote, tena mapema."

Eustache alivua miwani. "Lakini wazee waliniambia vijana wote wana nafasi alasiri."

"Waliwaona wa barazani," alisema Usumani. "Hata mimi. Ninashona pale pale barazani, mwalimu, na nyuma ya ukuta kuna ua. Nilikuwa nasikia harufu ya chakula, basi, nikajua futari ipo. Sikujiuliza zaidi."

Uso wa mwalimu ulikuwa umesawijika kwa uchovu, na suruali ilikuwa bado na tope la jana. Mtu angeweza kuona anavyohesabu usingizi wa Jumamosi atakaoupoteza.

"Bon, haya," alisema mwishowe. "Kanombe ni mbali, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya kulala. Lakini mwalimu anayefundisha nusu ya darasa hajafundisha. Nitakuja Jumamosi asubuhi mpaka Idi, kwa wasichana. Kiti chako kipo, Umuhoza. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi."

Jumamosi Mutoni alirudi, na msichana mwingine mmoja. Wa nne hakurudi. Mama yake alisema amekwisha kumpatia kazi nyingine ya kufanya, na kwamba redio zina wenyewe. Umuhoza na Mutoni walikwenda kumbembeleza mara mbili, ikashindikana.

Nyumbani mambo hayakunyooka kwa siku moja. Futari ya kwanza ya Habu ilikuwa na chumvi mpaka Baba akaomba maji mara tatu. Siku nyingine alisinzia kwenye kigoda, moto ukazimika. Walikuwa wamepeana zamu, siku moja Umuhoza, siku moja yeye. Jioni moja alikuja kukaa karibu na dada yake, macho mekundu kwa moshi, mikono imeparara kwa maganda ya ndizi.

"Sikujua," alisema. "Unafunga, unakwenda shule, halafu haya yote? Kila siku?"

"Kila siku," alijibu Umuhoza. Angependa kumcheka, lakini naye alikuwa amechoka mno. Alisogea tu, akampa nafasi aegemee ukuta.

Idi ikaja, ikapita. Kanzu zote zilimalizika, ya mwisho ikipigwa pasi watu wakiwa njiani kwenda kuswali. Siku chache baadaye Mzee Kamanzi alifika ukumbini. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wazazi walikaa kwenye mabenchi ya nyuma, na kila mwanafunzi alipewa redio. Mzee alizunguka meza moja baada ya nyingine, akainama, akavuta waya kuona kama zimeshika. Alimchagua kwanza mvulana mmoja mkimya wa benchi la mbele. Kisha akasimama kwa muda mrefu penye redio ya Umuhoza, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena.

"Kazi hii ni safi," alisema. Halafu akakuna kidevu na kumgeukia Usumani. "Ila niseme ukweli, fundi. Nimewahi kufikiria kuchukua msichana, nikaogopa. Wasichana wana kazi za nyumbani. Leo atakuja, kesho hatakuja, kuna maji, kuna mtoto, kuna kupika. Nani ananihakikishia?"

Usumani alikuwa anafungua mdomo, lakini aliyetangulia kusema alikuwa mtu mwingine.

"Atakuja, Mzee," alisema Habu. Alisimama mbele ya wenzake wote, pamoja na wale waliomwita bibi harusi, na masikio yake yalikuwa yameiva kwa haya. "Siku zake za dukani, mimi ndiye nitakayepika."

Mzee Kamanzi alimtazama, akamtazama na Umuhoza. "Basi aje Jumatatu ya kwanza ya likizo," alisema. "Asichelewe."

Jioni ile, walipokuwa wameketi barazani, Mukagasana alimvuta Kaze miguuni pake na kumbadilishia kitambaa cha mkono. Kidonda kilikuwa kinafunga. Alifanya kazi yake taratibu, kisha akasema bila kuinua macho.

"Umuhoza, nisikilize, na nyinyi wengine msikilize. Ulipodanganya ulipata saa moja ya darasa, na mdogo wako akalipia kwa mkono wake. Uliposema kweli mbele ya watu, umepata ulichokuwa unakitaka, na Mutoni naye amerudi. Ukiwa na haja, iseme. Wakikukatalia, iseme tena, hata kama umechoka, hata kama mimi ndiye ninayekukatalia. Usinizunguke." Akafunga fundo la kitambaa. "Na sisi wengine tusijisifu kwamba tumewaandikisha watoto wetu wote shule na mafunzo, wavulana kwa wasichana, halafu kazi zote za nyumba tukamwachia mmoja. Huko ni kumnyima mtu kitu huku unamwambia kachukue."

Usumani aliitikia kwa kichwa. Habu alikuwa amelala usingizi, ameegemea cherehani, kwa sababu siku ile ilikuwa zamu yake.